Kipande ya Mukuba ku Pua ya Mama Matako

Mbele ya kuniuliza nilifanya mubaya gani, acha nianze na kinga ya baba, velo yake, baisikeli ya kupakia mizigo. Mi sikusomaka sana. Masemi yangu inazungukaka sawa kuku yenye kutafuta fasi ya kutaga. Univumilie.

Baba alikuwa anachoma makala ya kupikia upande wa Fungurume, anaipeleka ku soko na ile kinga. Magunia yote nyuma, inapita kichwa yake. Mi, mutoto, ananikalisha mbele ku gido, usukani ya kinga. Haiko juu ya mapendo! Nikishuka, gurudumu ya mbele inainuka yenyewe sawa mbuzi dume. "Weye njo jiwe yangu," baba anasema. "Na jiwe haishuke mu njia."

Siku moja nikaona matunda ya masuku imeiva kando ya njia, nikaruka. Baba akaanguka kinyumanyuma, magunia juu ya kifua. Akaamuka mweusi tititi, meno tu njo inaonekana, akacheka mpaka machozi. "Sasa unajua," akaniambia.

Nilijua! Njo ile inanila mpaka leo. Nilijua tangu utoto, kiisha nikafanya vile tena, mutu muzima na ndebu zangu!

Sasa nakuja ku trakteri. Ile miaka ya Zaïre tulianza kuitana "citoyen" huku, "citoyenne" kule, ni kusema mwananchi, mi na Kalala tulikuwa tunatumika ku shamba ya mboga ya muzungu mumoja muzee, ku njia ya Nzilo, mbali kidogo na Kolwezi. Kalala kwao ni Kasai, baba yake aliletwaka juu ya kazi ya mugodi. Alikuwa mudogo kwangu, ananiita yaya, na aliniamini sawa yaya kweli. Ole wangu!

Muzungu akarudia kwao, shamba ikapewa mukubwa mumoja wa Kinshasa. Akakuja na biatu ya kung'aa, akaangalia ile trakteri, akacheka: "Hii ni trakteri ao ni cherehani?" Akatuachia. Hatukumuona tena.

Kweli ilikuwa kadogo. Motere yake inakaa nyuma, mu mugongo ya shofere. Mbele hakuna kitu, ni bomba mbili na magurudumu mbili nyembamba. Lakini uzuri yake njo ile! Unakaa, unainamisha macho, unaona mustari ya mashu, zile kabichi, pale chini kati ya magoti yako, na bijembe bidogo binapita katikati sawa bidole ya mama mu nywele ya mutoto. Majani mubaya inakatika, shu haiguswe.

Bamama ya shamba balikuwa banaiita Mama Matako, juu nguvu yote iko nyuma. "Kalala, bibi yako mudogo amekataa kuamuka leo?" banamuchokoza. Yeye anacheka tu, anapangusa motere na shati yake. Shati yake ya kwenda ku kanisa!

Basi, juu uzito yote iko nyuma, muzungu alifungaka ku pua ya trakteri kipande ya mukuba, shaba yenyewe, nzito, mutu mumoja anaibeba na kulia. Aliitosha wapi? Kwetu huku, mambo ya mukuba haiulizwe. Aliipaka goudron, lami ya barabara, ikakuwa nyeusi, ni shiye babili tu tulijua ni nini.

Kulikuwa shofere mumoja wa kamyo mwenye kukuja kupakia mboga. Siku moja akakwangua pale na musumari, akaona bwekundu. Akanivuta pembeni.

"Tata, unalalia utajiri! Nipe hii, nakupa radio. Inakamata mpaka Brazza."

"Na trakteri?"

"Funga jiwe, tata! Mawe imeisha mu Zaïre?"

Radio! Mu avenue yetu mi nilikuwa ule mutu wa kusimama ku dirisha ya batu kusikiliza muziki, mpaka banafunga dirisha. Niseme nini tena?

Kalala alikuwa ameenda ku kilio ya shangazi yake. Nikafungua mukuba, nikamupa ule shofere wa kamyo, akanipa radio. Nitafunga jiwe kesho, nikajiambia. Kesho nikasikiliza radio. Siku yenye kufuata mvula ikanyesha. Kiisha nikasikia Kalala amerudi, haya ikanikamata. Unajua nilifanya nini? Nilikata kipande ya muti, nikaipaka goudron, nikaifunga pale ku pua. Ikafanana kabisa! Mutu mwenye kusahau jiwe ni muvivu. Mutu mwenye kupaka muti goudron, huyu ni mutu gani?

Asubuhi bamama bakajaza mashu mu kigari ya nyuma, kule chini ku muto. Udongo ilikuwa inateleza. Mi nilisimama juu ya mulima, nikaona Kalala anaanza kupanda, anaimba. Nikafungua kinywa. Kusema tu "Simama!" Neno moja! Lakini bamama bote balikuwa pale, bangeniuliza asimame juu ya nini.

Nikafunga kinywa.

Mama Matako akainuka sawa mbuzi dume. Pua juu, ikabaki pale kidogo, sawa inaniangalia. Kiisha ikaanguka kinyumanyuma, na motere ikakamata muguu ya Kalala.

Bamama bakakimbia kwake na makelele. Na mi nikakimbia. Lakini mbele ya kushika mukono ya ndugu yangu, nilishika ule muti, nikautupa mu matete. Mungu anaona! Muti mbele, mutu nyuma.

Kalala hakukufa. Muguu ikabaki fupi, haikunjike. Trakteri ilibunjika bomba zote mbili, hakuna mwenye kuitengeneza. Majani ikakula mashu, bamama bakaenda kutafuta mashamba ingine.

Ku lopitali, Kalala akanikamata mukono. "Yaya, unisamehe. Nilikanyaga nguvu. Nimekuharibia trakteri."

"Haizuru, mudogo wangu," nikajibu. "Nimekusamehe."

Nilimusamehe! Mi!

Kisha ile, hakuna mutu alimupa usukani tena. Ku soko banamuonyesha kidole: "Huyu njo alimuua Mama Matako!" Yeye anainamisha kichwa. Na kila magaribi anakuja kwangu na fimbo yake, anakaa karibu ya radio. "Radio yako, yaya, inanisahaulisha muguu." Mi namusogezea sahani ya bukari, ugali yetu.

Ninyi benye kusoma, musidanganyike kwamba uwongo inaozaka sawa muti. Yangu ilikaa miaka, ikiimba mu nyumba yangu! Kama umetosha kitu yenye kumushikilia mwenzako, sema mbele ya yeye kupanda mulima. Kisha ile, kila neno imechelewa.

Magaribi moja Kalala akauliza, bila hasira, "Yaya, hii radio uliitosha wapi?" Na mi nilikuwa nimechoka. Nikamuambia yote, mukuba, goudron, muti.

Kiisha akauliza kitu kimoja tu.

"Ile asubuhi ulisimama pale juu. Ulijua?"

"Nilijua."

Akanyoosha mukono, akapunguza sauti ya radio, polepole, sawa mutu mwenye heshima mu nyumba ya wengine. Akakamata fimbo. Bibi yangu akamuita kutoka ku jiko: "Tata Kalala, ngoja basi, bukari imeiva!"

Akapita mu lupango, kiwanja ya nyumba, na muguu yake fupi, akatoka, akafunga mulango ya miti vizuri nyuma yake, sawa alivyofanyaka siku zote.

Hakurudi.