Ng'ombe Tuliyemchinja kwa Ajili ya Ini Langu

Siku kaka yangu Gwakisa aliponiambia nisiutaje ugonjwa wangu kwa jina lake, nilipaswa kumjibu, "Hapana, kaka." Niliinamisha kichwa nikasema sawa. Nilikuwa mtu mwenye wajukuu, mzee wa kanisa, niliyemaliza kidato cha nne enzi ambazo hapa Busale waliofika huko walikuwa wa kuhesabika, na bado nilisema sawa kama mtoto aliyetumwa chumvi.

Huu ni ushuhuda wangu wa pili. Wa kwanza niliutoa kanisani na watu wakapiga makofi. Ulikuwa nusu. Huu ndio mzima.

Kabla ya kuugua nilikuwa na nguvu zangu. Nililima mpunga bondeni na kokoa kuzunguka nyumba. Pombe siitumii. Hata kimpumu, ile pombe ya ulezi wanayoivuta wenzangu kwa mrija, naijua kwa harufu tu. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye nililisema mpaka ulimi ukachoka.

Ugonjwa ulianzia kwenye sahani. Mimi ni mtu wa wali, na wali wa kwetu hauhitaji hata mboga ili ushuke. Lakini nikawa nakula matonge machache tu, nahisi nimeshiba mpaka kifuani. Suruali zikaanza kunitoka kiunoni. Bega la kulia likawa linauma, nikasema ni jembe. Zahanati walinipa dawa za vidonda vya tumbo, nikazimeza zote, sikuona nafuu. Jioni moja mke wangu Subilaga alikuwa ananichua kwa mafuta, mkono wake ukasimama chini ya mbavu za kulia.

"Baba Atupele," akasema, "hapa kuna kitu kigumu kama kiazi. Hiki nacho ni jembe?"

Tukapanda kwenda hospitali kubwa Mbeya. Huko ndiko nilikoanza kuchoka na binadamu. Kila chumba nilichoingia niliulizwa nakunywa pombe kiasi gani. Nikasema situmii. Aliyefuata akauliza naacha lini. Mmoja alinisogelea akaninong'oneza kwamba Mama hayupo karibu, niseme tu. Nikamwambia Mama akiwepo au asipokuwepo, sijawahi. Akaandika kitu huku anatabasamu. Nyumbani ilikuwa vilevile. Kwetu, ini ni ugonjwa wa mlevi, basi. Majirani walianza kusema kumbe mzee wa kanisa alikuwa na chupa yake uvunguni.

Daktari aliyenipa majibu alikuwa mwanamke asiyependa kuzunguka. Walishanipiga picha kwenye mashine, walishanichoma sindano ndefu ubavuni na kuchukua kipande kidogo cha nyama ya ini.

"Mzee, hii ni saratani ya ini," alisema. "Lakini ini lako si la mlevi. Halina makovu. Uvimbe uko upande mmoja, na upande uliobaki ni mzima. Ndiyo maana tunaweza kukata, na kilichobaki kitakua tena. Angekuwa mtu ambaye ini lake lote limekauka, nisingekuambia hivi."

Nikamuuliza, kama sinywi na ini halina makovu, imetoka wapi. Akasema damu yangu ina virusi vya homa ya ini aina B, na kwa umri wangu yawezekana nimekaa navyo tangu nilipozaliwa. Mama huweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua bila yeye mwenyewe kujua. Vinaweza kukaa kimya miaka na miaka, kisha vikaleta saratani hata kama ini halijaharibika. Halafu akanena neno ambalo nalisikia mpaka leo.

"Ndugu zako wa tumbo moja na watoto wako, wote wapimwe. Usiache hata mmoja."

Tumbo letu lilibakiwa na watu watatu. Gwakisa, mimi, na mdogo wetu Lusajo, aliyekuwa anachukua vyungu na samaki pale Lyulilo, kando ya ziwa, na kuvileta kuuza Kyela mjini. Niliporudi nilianza kwa Gwakisa kwa sababu ndiye mkubwa. Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza huo ugonjwa unaambukizwa kwa njia gani nyingine. Nikamwambia kwa damu, na kwa kulala na mtu mwenye nao.

Kaka yangu akasema, "Kwa hiyo unataka nisimame mbele ya ukoo niseme mama yetu alikuwa na ugonjwa wa malaya."

Nikasema sivyo daktari alivyosema. Akasema daktari hakai Busale.

Kisha akaleta njia yake. Wasiojua mila zetu waelewe hivi: kwetu wazee huamini kwamba mtu akiwakosea jirani zake, manung'uniko yao humrudia mwilini akaugua. Huita pumzi ya watu. Na mimi kosa nilikuwa nalo tayari. Baba alipofariki sikuchinja ng'ombe, nikasema mambo ya nyama msibani yamepitwa na wakati, kisha mwaka uleule nikaezeka nyumba kwa bati jipya. Watu walinung'unika, na nilijua. Gwakisa akasema tuchinje sasa, majirani wale nyama, wasafishe mioyo, watu wapate sababu ya ugonjwa. Hospitali niende vilevile, hakuna anayenizuia.

"Jina la ugonjwa libaki kwako na kwangu," akasema. "Mama apumzike."

Hapo ndipo niliposema sawa.

Ng'ombe akachinjwa. Majirani walikuja, kila mmoja akachota maji mdomoni, akayapuliza chini, akasema moyo wake mweupe. Mzee mmoja alikiri kwa uchungu kwamba ndiyo, alininung'unikia kwa ajili ya lile bati, na akaniomba msamaha machozi yakimtoka. Nilimtazama mtu mwema akijitwisha saratani yangu, nami nikanyamaza. Lusajo ndiye aliyekuwa akigawa nyama. Alifurahi kuliko wote.

Subilaga hakula. Yeye nilimwambia ukweli, na aliposikia tulichopatana na Gwakisa aliweka chini sahani aliyokuwa anaisuuza. "Watoto wangu siwachinjii ng'ombe," alisema. Akawapeleka wote kupima, kimyakimya kama nilivyotaka. Mmoja alikutwa na virusi, akaanzishiwa dawa na kliniki. Wengine walichanjwa. Nilimwuliza na Lusajo je. Akanijibu, "Lusajo ni mdogo wako, si wangu. Mwambie wewe."

Nilipasuliwa Dar es Salaam. Sitawapambia. Nilizinduka na mirija puani, ubavuni na kwenye mkojo, na maumivu ambayo kukohoa tu kulinifanya niite mama. Walitoa karibu nusu ya ini. Tumbo lilijaa maji kwa muda, miguu ikavimba, chakula kikawa kinanuka chuma. Nesi mmoja alinilazimisha kutembea ukumbini nikimlaani moyoni kila hatua. Polepole nikaanza kusikia njaa, njaa ya kweli, na siku nilipomaliza sahani nikalia. Picha za baadaye zilionyesha ini limekua upya na uvimbe haujarudi. Dawa za virusi nameza kila siku, na kipimo narudia kila nikiitwa.

Nikarudi Busale, nikasimama kanisani. Niliwashukuru Mungu, madaktari, na majirani kwa kunisamehe. Homa ya ini sikuitaja. Makofi.

Baada ya ibada Lusajo alinishika mkono tukatembea mpaka kwenye kokoa zangu.

"Kaka, niambie kweli," alisema. "Kilichokuponya ni kisu au ni ng'ombe?"

Alikuwa ananitazama kama tulipokuwa wadogo, nikimfundisha kuogelea mtoni. Nikamjibu, "Vyote viwili." Akacheka, akasema basi bora kuanza na ng'ombe, maana analiwa.

Ubavu wake ulipoanza kuuma alifanya nilichomfundisha. Hakuja kwangu, hakwenda hospitali. Alianza kutafuta ni nani amemkosea. Akakumbuka mfinyanzi mmoja mama wa Kikisi waliyegombana naye kwa vyungu vilivyopasuka njiani, akaenda Lyulilo na mbuzi kupatana naye. Mama yule alishangaa, akamwambia hana kinyongo, na hamkumbuki vizuri. Lusajo akaona labda ni mwingine. Akazunguka akiwaomba msamaha watu ambao hawakujua kosa, huku macho yakigeuka manjano. Alipoletwa kwangu amebebwa, nilisema yote mbele yake na mbele ya Gwakisa. Lusajo aliuliza swali moja tu. "Ulijua tangu lini?"

Mbeya walisema uvimbe umeenea pande zote mbili na kwenye mshipa mkubwa. Kwake hapakuwa na cha kukata.

Gwakisa alipima baada ya mazishi. Anavyo virusi. Anakunywa vidonge kila asubuhi huku akilalamika kwamba ni vikubwa.

Namshukuru Mungu, na madaktari, na yule nesi niliyemlaani. Ndaga fijo, yaani asante sana, kwa Subilaga. Ninyi mnaosoma, kama hunywi usijidanganye kwamba ini lako liko salama. Pimeni homa ya ini, chanjeni ambao hawajaambukizwa, na mkikutwa nayo waambieni wa tumbo lenu siku ileile, kwa jina lake. Kupatana na majirani ni jambo jema. Patana, kisha upande gari uende hospitali. Na mama zetu hawakukosa lolote.

Mimi ninaishi. Kusema sawa siku ile kulimuua mdogo wangu Lusajo.