Trela la Uani kwa Orlin

Huku kwetu Minnesota mtu akikupa kitu, unakataa. Akirudia, unakataa tena, safari hii kwa sauti ndogo. Mara ya tatu ndipo unasema, "Haya, kama si usumbufu." Anayekubali mara ya kwanza huonekana mlafi. Nimezaliwa katika adabu hiyo, nitazikwa nayo, na bado nasema ilikaribia kumuua jirani yangu Verna kwa kihoro.

Mumewe, Orlin Haugstad, alinunua trela la kulalia mara tu alipostaafu ufundi umeme. Lilikuwa na vitanda, choo na jiko la gesi, refu kuliko sebule yangu. Alilikokota kwa pikapu yake mpaka nyumbani, akaliingiza kwa pua katikati ya banda la gari na ua wangu wa misonobari. Pikapu akaichomoa, akaipenyeza nyuma ya nyumba, mahali trela lisingeweza kupita.

"Kesho nitaligeuza," akasema.

Kesho hiyo ilichukua miaka mitatu. Kutoka pale kulitaka jambo moja tu, kurudi nyuma mpaka barabarani. Na kurudi nyuma na trela ni mambo ya kinyume, ukikata usukani kulia mkia unakwenda kushoto. Orlin hakuweza. Najua, kwa sababu Jumapili moja nilirudi kutoka kanisani nikakuta sanduku langu la barua pale kando ya barabara limesimama juu ya nguzo mpya, rangi haijakauka. Nguzo ya zamani, iliyogongwa na mkia wa trela, alikuwa ameificha nyuma ya banda lake. Nilimpelekea keki, akakataa mara mbili.

Badala ya kujifunza, alipanga safari. Walikuwa wanakwenda Oregon, siku kadhaa za barabara, kwa Ardith, dada yake Verna. Macho ya Ardith yalikuwa yanafifia, na kila wiki alipiga simu: "Njoo nikuone uso, Verna, kabla giza halijanikuta." Verna alijibu, "Orlin anapanga." Ndege Orlin hakuitaka, na kwenda bila trela kungekuwa kukiri kwamba limemshinda. Kwa hiyo ramani haikuondoka kwenye meza ya jikoni, tukawa tunaweka vikombe vya kahawa juu ya Montana.

"Hapa Dakota Kusini," alinionyesha siku moja, "kituo cha mafuta unaingia huku, unatokea kule. Kambi hii hapa, vilevile. Hatutarudi nyuma hata hatua moja mpaka Oregon! Penye nia pana njia, Lavonne."

"Na hapa uani, njia iko wapi, mzee?"

Akakunja ramani. "Kahawa yako inapoa."

Verna alikuwa anaosha vyombo, macho yake dirishani. Dirisha lile zamani lilionyesha barabara. Sasa lilionyesha ubavu wa trela tu, mweupe, asubuhi hadi jioni.

Mimi nilidhani Verna naye hawezi kulirudisha nyuma. Kumbe! Tukimenya njegere barazani kwangu akaniambia kwamba yeye ni binti wa shamba, alikuwa akirudisha nyuma matrela ya majani ya ng'ombe tangu miguu yake haijafika vizuri kwenye breki. Kiangazi cha kwanza cha ndoa yao walikwenda ziwani na mashua juu ya trela dogo. Wanaume walikaa nyuma ya pikapu zao na bia mkononi, wakimtazama Orlin akihangaika kuirudisha kinyumenyume mpaka majini. Verna akashika usukani, akaishusha kwa mkupuo mmoja. Wakapiga makofi. Mmoja akapaza sauti, "Kijana, mpe huyo na suruali yako!" Orlin alimnunia wiki nzima.

"Nikaapa sitashika tena usukani wenye kitu nyuma yake," Verna akasema.

"Basi utafia hapa na kiapo chako," nikamwambia. Nilikuwa na hasira, na sikujua kama ni kwa Orlin au kwa sisi wanawake tunaolelewa tukimeza maneno.

Juni hii Ardith alipiga simu kusema jicho la kushoto limekwisha kabisa. Verna akaweka simu, akatoka nje na aproni yake. Orlin alikuwa anapaka grisi trela, ameshalifunga kwenye pikapu kama alivyofanya kila kiangazi. Mimi nilikuwa naanika nguo upande wa pili wa misonobari, na masikio sikuyaziba.

"Orlin, nilitoe mimi?"

"Aa, usijisumbue, mama. Magurudumu kwanza."

"Nilitoe?"

"Jua kali hivi? Labda wiki ijayo."

Nikasikia hatua za Verna zikielekea mlangoni. Nilibana kibanio cha nguo mpaka kikanivunjikia mkononi. Akiingia ndani sasa, nilijua, hatatoka tena.

"Orlin." Hatua zikarudi. "Nilitoe?"

Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Haya," akasema, "kama si usumbufu."

Akaenda kusimama barabarani kando ya sanduku langu la barua, akipunga mikono kumwelekeza, kila ishara yake kinyume. Verna hakumtazama. Alilitoa taratibu, bila kuugusa msonobari hata mmoja. Duane wa nyumba ya pili akazima mashine yake ya kukatia nyasi. Nilimkazia macho: thubutu kupiga makofi! Hakupiga. Orlin akazunguka, akafungua mlango wa abiria, akapanda.

Wiki iliyofuata waliondoka. Verna alinipigia kutoka Oregon.

"Amekuona?" nikauliza.

"Haoni, Lavonne. Tangu majira ya baridi haoni, hata hilo la kulia. Alificha asitusumbue. Alinipapasa uso wote, paji, mashavu, mpaka hapa shingoni. Akaniuliza, 'We Verna, umezeeka lini hivi?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia, nimezeekea uani, dada."