Sauti ya Gitaa Wakati Wanasaga

Mtu akiniuliza kama kisanduku changu cha gitaa kina thamani ya bei yake, namjibu ndiyo kabla hajamaliza swali. Kisha namwacha abishe, maana watu wa Jinja wanapenda kubisha na mimi sipendi kuwanyima. Ninauza dawa Nalufenya, mtaa wa hapa Jinja, ambako watu huniita Musawo, yaani tabibu. Nina duka lenye chumba kimoja cha nyuma, na huko nyuma ndiko ninakopiga gitaa wateja wakipungua. Sina bendi. Sipigi kanisani. Sijawahi kulipwa hata soda kwa kupiga gitaa, na nadhani siku nikilipwa nitaharibika.

Kisanduku chenyewe ni cha chuma, kizito, kina vitufe na kioo kidogo. Kazi yake ni kuiga amplifaya. Unachomeka gitaa, unachagua amplifaya unayoitaka, iwe kubwa ya jukwaani au kuukuu ya chumbani, nacho kinakuletea sauti yake masikioni bila hiyo amplifaya kuwepo. Vipo vya bei rahisi vinavyofanya kazi hiyo juu juu. Changu ni cha bei mbaya, kwa sababu kinaweza pia kuwekwa mbele ya amplifaya halisi, kikaisikiliza, kikajifunza tabia zake na kukaa nazo.

Bei sitaitaja. Nina rafiki auzaye vipuri vya pikipiki pale mjini, Mwislamu mwenye ulimi mkali na vidole vizuri kuliko vyangu. Jumamosi huja tukapiga pamoja. Aliposikia bei alilaza gitaa lake mapajani akanitazama kama mtu aliyefiwa.

"Subhanallah! Ng'ombe mzima na ndama yake, kwa sababu ya kucheza nyuma ya duka? Musawo, wewe napigia nani?"

"Najipigia mwenyewe."

"Basi kwa wewe hata redio mbovu inatosha. Sauti iko kwa vidole."

Hiyo ndiyo hoja yao wote, na wameirudia mpaka imechakaa. Mimi naigeuza. Mpigaji wa harusi hupiga mbele ya watu wanaonyoosha shingo kutafuta nyama. Spika imepasuka, jenereta linanguruma, na hakuna atakayejua sauti yake ilikuwaje. Huyo ndiye wa kununua cha rahisi. Anayepiga kwa kujifurahisha ana msikilizaji mmoja tu, tena anayemjua kwa undani, na kumdanganya huyo ni kujisumbua bure. Kama hujajua kubana nyuzi tatu pamoja, nakubali, usinunue. Nunua kwanza nyuzi. Lakini kama unajua sauti unayoitafuta na unakonda kwa kuikosa, nunua, ule maharage.

Wateja nao walikuwa na maoni yao. Mke wa askari polisi mmoja aliingia akanikuta nimefumba macho, hedifoni masikioni, vidole vinakimbia, na chumbani kote hakusikiki kitu ila tiki tiki ya nyuzi. Alisubiri kwa adabu. Nilipofumbua macho akaniambia kwa upole, kama ninavyowaambia wagonjwa: "Musawo, pole. Gita yako imekufa."

Nilicheka siku ile nzima. Sikujua kwamba kisanduku hicho kingekuja kuamua habari ya mguu wa baba yangu.

Baba alikuwa askari wa magereza, mtu wa Lango, kule kaskazini, aliyeletwa Mbale na kazi, akaoa Mgisu. Wawili hao hawakuwa na lugha moja ila Kiswahili cha kambini, kwa hiyo ndicho tulichokua nacho. Nilipokuwa nasoma shule ya Nabuyonga wenzangu walikiogopa, maana kwao ilikuwa lugha ya watu wenye bunduki. Sisi tulikitumia kuombea uji. Alipostaafu alijenga Busiu, kando ya barabara iendayo Tororo, kwenye migomba, ukuta kwa ukuta na mashine ya posho, ya kusaga unga wa mahindi. Kila mtu pale humwita Afande, nami pia, mpaka leo.

Amplifaya yake aliinunua kwa bendi iliyovunjika mjini Mbale. Ni sanduku la mbao lenye kitambaa kilichochanika, na ndani mna vioo kama balbu ndogo, ndivyo vinavyokuza sauti, vinavyowaka rangi ya chungwa. Sasa, kambini Baba alifunzwa kwamba kelele yako isiingie nyumba ya mwenzako. Nyumba za askari zimeshikana. Ukikohoa, wa tatu anakuambia pole. Adabu hiyo alikwenda nayo Busiu. Hakugusa gitaa mpaka mashine ya jirani ianze kunguruma, ili kelele yake ijifiche ndani ya kelele ya wengine. Sebule yetu ina giza hata mchana kwa sababu ya migomba, kwa hiyo balbu haizimwi. Mashine ikiwashwa, umeme wa mtaa wote unapungua na balbu inafifia. Baba aliinua macho akaitazama, akasema, "Wanasaga." Ndipo aliponyoosha mkono kuchukua gitaa. Utoto wangu wote sikuwahi kuona mambo hayo yakifuatana kwa namna nyingine.

Mama alipofariki, Baba alibaki peke yake na ugonjwa wa sukari. Kikamtoka kidonda mguuni. Daktari wa Mbale alinivuta kando, akaniambia kwamba kidonda kisiposafishwa na kufungwa kila siku na mtu anayejua kazi, mguu utakatwa. Mimi kazi hiyo naijua. Nilimwambia Baba ahamie kwangu Nalufenya.

"Mimi nakuja huko nafanya nini? Nalala? Huko hapana pahali ya kupiga."

Kweli, hapakuwepo. Chumba changu na cha jirani vimetenganishwa na ukuta mwembamba, na upande wa pili kuna mtoto mchanga. Tena amplifaya yenyewe ilikuwa ikielekea kufa. Kioo kimoja kilikuwa kimeanza kuwa cheupe, na cha kubadilisha nilikitafuta nikakikosa. Basi nikamweleza Baba habari ya kisanduku: kitajifunza amplifaya yake kabla haijazima, naye atapiga kwa hedifoni hata usiku bila kumwamsha mtoto wa mtu. Alifikiri, kisha akatoa hukumu.

"Kama hiyo kitu yako inaimba kama yangu, mimi nakuja. Kama hapana, wewe nabeba yeye narudi Jinja, na hiyo maneno hapana rudisha tena."

Baba akishasema hivyo, amesema. Nikajua mguu wake uko mikononi mwangu na mwa kile kisanduku.

Nilifanya kazi kama mtu aliyesoma maelekezo yote. Umeme wa Busiu ni wa kubembeleza, kwa hiyo niliibeba amplifaya mpaka Jinja, mtoni, kwenye mabwawa ya umeme, ambako umeme umeshiba. Hata huko sikuuamini. Niliichomeka kwenye stabilaiza inayolinda friji yangu ya dawa. Rafiki yangu wa vipuri alikuja kushuhudia nikiaibika. Tuliweka maikrofoni mdomoni mwa amplifaya, kisanduku kikatoa miluzi na mikoromo, kikasikiliza, kikatulia. Tukapiga hiki, tukapiga kile, tukafumba macho na kujaribiana. Hakuna aliyeweza kutofautisha.

"Kimeiba mtu mzima mzima," alisema yule rafiki, na kwake hiyo ni sifa.

Nilirudi Busiu asubuhi, kisanduku mapajani, amplifaya na maikrofoni miguuni, nimejaa majivuno. Baba alikaa kitini, mguu juu ya kigoda, nikamvika hedifoni. Alipiga ule wimbo wake ambao hauna mwanzo wala mwisho. Akavua hedifoni, akaniuliza:

"Huyu nani?"

"Ni wewe, Afande."

"Hapana. Hii kijana moja ya mjini. Hodari. Lakini hapana mimi."

Nilikasirika, na sioni haya kusema. Nilikuwa nimetumia pesa, usingizi na maarifa, halafu mzee aliyezoea sanduku bovu ananiambia kisanduku kimekosea! Niliichomeka amplifaya yake palepale, ukutani pake pa siku zote, nikampa waya. Piga hiki, kisha piga kile, tuone nani mwongo. Akakataa, eti majirani watasikia, mashine bado haijaanza.

"Piga, Afande. Ni amri."

Akapiga. Na sauti iliyotoka mle sandukuni ilikuwa ya yule kijana wa mjini, kavu, ngumu, safi kama sahani iliyosuguliwa kwa majivu. Ilikuwa sawasawa na ya kisanduku. Nilikuwa nimeshinda ubishi, na sikupata hata nafasi ya kufurahi, kwa sababu uso wa Baba ulibadilika.

"Wewe naua yeye," alisema polepole. "Huko Jinja, wewe naua yeye."

Nilimwamini. Nilidhani ile stabilaiza imeunguza kitu ndani, au vioo vimepigwa na mashimo ya barabarani. Nikatoka nje, nikasimama kwenye migomba nikalia. Sikulilia amplifaya. Nilikuwa nauona ule mguu, na kitambaa cheupe cha chumba cha upasuaji, na Baba akiwa peke yake katika nyumba ile anakataa hata kunisikiliza.

Nikiwa pale, wanawake wakaanza kufika kwa jirani na mabeseni ya mahindi vichwani. Mashine ikakohoa, ikawaka. Ndani, Baba hakuwa ameizima amplifaya. Alikuwa anagusagusa uzi mmoja, kama mtu anavyompapasa mbuzi mgonjwa. Na katikati ya uzi huo sauti ikalegea. Ikawa nene, ikachelewa kidogo kabla ya kupanda, ikakwaruza pembeni, ikaimba. Nilikimbia ndani. Baba alikuwa ameinua macho, anaitazama balbu iliyofifia.

"Wanasaga," alisema, na mkono ukamsimama.

Tulitazamana. Miaka yote hiyo hakuwahi kuipiga ile amplifaya ikiwa imeshiba umeme, si yeye wala mtu mwingine Busiu. Adabu yake ya kambini ilimfanya angoje mashine, na mashine ilipokuja ilikunywa umeme wake, amplifaya ikabaki na njaa, na njaa hiyo ndiyo iliyokuwa ikiimba. Mimi nikaenda kuilisha Jinja mpaka ikavimbiwa, nikachukua kipimo cha sauti isiyo yake. Baba alianza kucheka kwanza. Alicheka mpaka akashika goti.

Tukaanza upya, haraka, kabla wateja wa jirani hawajaisha. Tuliifunika amplifaya na maikrofoni kwa godoro la Baba na mablanketi yake ya kazi, ili ngurumo isiingie. Mwenye mashine akapiga kelele kwamba mahindi yanakwisha. Baba akaagiza gunia lake mwenyewe likachukuliwe ghalani, likasagwe, ili mradi mashine isizimwe. Kisanduku kikaanza miluzi yake chini ya godoro, kikipanda na kushuka, mpaka wanawake wawili wakaja dirishani na unga kwenye nyusi.

"Afande, humo ndani nani nazaa?"

"Mimi," alisema Baba.

Alipovaa hedifoni mara ya pili mashine ilikuwa imenyamaza na balbu imerudia mwanga wake. Alipiga muda mrefu. Nilikaa sakafuni nikitazama kidole gumba cha ule mguu, kikihesabu mapigo juu ya kigoda. Mwishowe alivua hedifoni, akaziweka mapajani.

"Huyu mimi najua yeye," alisema. Kisha akauliza kama kwangu kuna pahali pa kuweka gunia la unga.

Vioo vya amplifaya vilizima kabisa mwezi uliofuata. Sanduku lake tulilileta Nalufenya, na sasa ndilo analolazia mguu. Posho tuliila mpaka tukaichoka. Rafiki yangu wa vipuri bado anakuja Jumamosi, na bado anasema ng'ombe na ndama. Baba anamkubalia, ili amchokoze zaidi kwa kupiga vizuri. Ndani ya kisanduku mna amplifaya nyingi za wakubwa wa dunia, ambazo nilizilipia na sizigusi. Tunatumia moja, tuliyoiandika jina la Busiu. Nikiulizwa kama ile pesa ilipotea kwa hizo zingine zote, najibu kwamba hata kwenye shamba lako huli ndizi zote.

Jioni nikifunga duka, nampikia Baba chai, nalegeza bandeji, nasafisha kidonda. Kimepungua; nyama ni nyekundu na safi, na daktari wa Mbale ameacha kunivuta kando. Baba hupenda nifanye kazi hiyo akiwa anapiga, anasema vidole vikiwa na kazi mguu unasahau. Kwa hiyo tunakaa hivyo, yeye na hedifoni zake, mimi na pamba, na chumbani hakuna sauti ila tiki tiki ya nyuzi na mtoto wa jirani akiongea na ukuta.

Juzi katikati ya wimbo aliinua macho akaitazama balbu yangu. Ilikuwa inawaka vilevile, imara, haikutikisika hata kidogo. Aliitazama kitambo, huku vidole vikiendelea.

"Wanasaga," aliniambia.

Nilimgusa goti ili anione mdomo.

"Ndiyo, Afande," nilisema. "Wanasaga."