Unga wa Kufagia

Kankolongo alitaka dola mia moja na ishirini kusafisha lori la Nafisa, ndani na nje, juu na chini. Nafisa alikuwa na sitini, zimefungwa kwenye pindo la kitenge, na alikwisha kuamua kwamba hata hizo ni nyingi.

"Tata, nilikuomba kusukula kamio," alisema, "hapana kuioa."

Watu waliokuwa wakingoja magari yao walicheka. Nami nilicheka, nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikingoja gari la kunipeleka Lubudi. Kankolongo hakucheka. Alizunguka lori polepole, akainama, akapitisha kidole chini ya ukingo wa bodi, akakinusa.

Nimeona malori yakioshwa Ndola, Bujumbura na Tunduma. Kote mwoshaji huanza na kile mteja atakachokiona kwanza: kioo, mlango, rimu. Kankolongo huanza chini. Ni mtu wa miaka hamsini hivi, mjukuu wa watu walioletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi. Miaka michache iliyopita, mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi, ulipojaa mashimo ya wachimba madini, naye alichimba lake ndani ya nyumba yake, katika chumba walicholala watoto. Alifika mita kumi na mbili. Siku moja ukuta wa shimo la jirani uliporomoka, jirani akiwa ndani. Kankolongo alipanda juu na hakushuka tena. Sasa ana pampu, brashi za kila ukubwa, patasi, miswaki ya zamani na kiwanja kidogo kando ya barabara ya Nzilo. Mtu akitaka kuuza lori, au likiwa linakwenda kukaguliwa, analileta kwake.

La Nafisa lilikuwa linakwenda kukaguliwa. Jumatatu angekuja Huguette, mama anayeshughulikia chakula cha shule moja ya bweni, achague lori la kubeba unga wa wanafunzi kwa mwaka mzima. Malori mawili yalikuwa yamebaki. Jingine lilikuwa jipya. La Nafisa lilikuwa na umri wa mabinti zake, na asipopata kazi hiyo angeliuza, maana matairi yalikuwa yameisha na hakuna fundi aliyekubali tena kusubiri malipo.

Basi wakaanza kupunguza kazi ili bei ishuke. Nafisa alitoa injini. Akatoa viti. Akatoa uvungu.

"Sukula tu pale macho ya Mama Huguette itafika," alisema.

"Itafika wapi?"

"Ku milango. Ku vioo. Ku bodi."

"Na unga inalalaka wapi?"

"Mu bodi, Tata. Unafikiri inakaaka mbele na shofere?"

"Basi mi naanzaka chini ya bodi," Kankolongo alisema. "Kamio ya unga, mbao inatoka yote. Kama hautaki, peleka kwa batu ya sabuni."

Waliafikiana dola sitini, pamoja na chakula cha mchana kwa siku mbili. Chakula hicho Nafisa ndiye aliyekiongeza, na alikiongeza kwa furaha, kwa sababu hakikumgharimu kitu. Kwa miaka mitatu lori lake lilikuwa likileta unga wa mahindi kutoka Lubudi, na kila safari magunia mawili matatu hupasuka. Mizigo ikishateremshwa, yeye hupanda mwenyewe na ufagio mpya, hufagia bodi kona hadi kona, huchekecha mara mbili, na kupeleka nyumbani. Kilo tano, wakati mwingine kumi. Hakuwa amenunua unga tangu aanze. Aliwaeleza watu wote kiwanjani habari hiyo, kama mtu anayeonyesha picha za harusi.

Mchana alirudi na mabakuli mawili: bukari, yaani ugali wa kwao, na samaki wadogo wa kukaanga. Nyuma yake alikuja mdogo wake, Ibrahim, ambaye ndiye dereva wa lori. Alikuwa amebeba mkate wake mwenyewe kwenye karatasi.

"Muangalie huyu," Nafisa alimwambia Kankolongo. "Amekuwa Mubeleji. Bukari yangu haimupiti mu koo."

"Tumbo, Yaya," Ibrahim alimwambia dada yake. "Unajua tumbo yangu."

"Tumbo inakubali samaki, inakubali mafuta, inakubali pilipili. Bukari tu njo inakataa!"

"Shofere hakulaki bukari?" Kankolongo alisema, akimega tonge. "Basi atasukuma kamio na nini, na chai?"

Ibrahim alicheka pamoja nao. Kankolongo alikula vizuri, akakwangua bakuli kwa vidole, akasema bukari ina rangi kidogo. Nafisa akajibu kwamba Lubudi wanachanganya na muhogo. Ibrahim ndiye aliyemwambia hivyo, zamani.

Baada ya kula Kankolongo alipanda kwenye bodi na mtaimbo. Mbao zilikuwa zimepigiliwa juu ya bati, nene, zimeng'aa kwa miaka ya magunia kuburutwa. Ya kwanza ilitoka kwa kelele. Ya pili, ya tatu. Halafu kelele zikakoma.

Nilifikiri amejiumiza. Alikuwa amepiga magoti, akikata kitu kwa patasi kwa uangalifu, kama mtu anayekata sabuni ya mche. Alishuka na kipande kikubwa kama daftari, kigumu, akakiweka kwenye sinia, akamwagia maji kidogo upande mmoja na kuusugua kwa mswaki.

"Mama Nafisa. Wewe unabebaka nini?"

"Unga."

"Unga tu?"

"Unga tu, Tata. Miaka tatu. Kuko nini?"

Alimsogezea sinia. Unga uliokuwa ukipenya kati ya mbao ulikuwa umepata mvua, ukakauka, ukawa kama chokaa. Upande uliosuguliwa ulionyesha mistari. Mweupe. Mweusi. Mweupe. Mweusi wenye chembe za kijani. Mweupe tena. Ilipangana safi mpaka juu.

"Ni moshi," Nafisa alisema.

"Hapana moshi."

"Basi ni ya mwenye kamio wa zamani. Yule mutu alibebaka kila kitu."

"Ya zamani inakaaka chini, Mama. Hii iko katikati ya unga yako." Kankolongo aliweka ncha ya bisibisi kwenye mstari mweusi. "Mi naijua hii. Ilikuwaka chini ya kitanda yangu. Ni kobalti. Hii ya kijani ni shaba. Hii nyeusi nimeihesabu, iko mara kumi na moja."

Kisha Kankolongo akatazama bakuli lake tupu. Alikwenda kwenye pampu, akasukutua kinywa, akatema, akasukutua tena, na tena, na maji yakawa yanamwagika kifuani naye hayafuti.

Nafisa hakumtazama. Alikuwa amegeuka kumtazama Ibrahim, nami nilidhani atapiga kelele kuhusu kobalti. Lakini macho yake hayakuwa usoni kwa Ibrahim. Yalikuwa mkononi mwake, kwenye mkate.

"Ibrahim," alisema polepole. "Tumbo yako inaumaka tangu lini?"

"Yaya, twende nyumbani tuongee."

"Tangu lini?"

"Kamio ilikuwa inaenda Lubudi bule, haina muzigo. Wazi. Kila mara wazi, Yaya, mafuta inaungua. Kuko batu huku walikuwa na mifuko yao ya mawe, kuko depo ku njia. Nusu ya safari tu. Na mifuko ilikuwa imefungwa..."

"Sikuulizi mifuko."

"Falanga ile njo ilinunua betri! Na mabreki! Ulifikiri nilizipata wapi? Na nilikuwa nafagia. Mbele ya kupakia unga, kila mara nafagia muzuri."

"Ulifagia. Mi nikafagia nyuma yako, nikapika." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Idi ulikula mukate ku nyumba yangu. Ndoa ya Nuru ulikula wali. Nikakucheka mbele ya batu."

"Sikujua kama ni mubaya, Yaya."

"Kama haukujua, juu ya nini haukukula?"

Ibrahim aliukunja mkate kwenye karatasi, akaukunjua, akaukunja tena.

Ndipo Nafisa alipopiga kelele, na hakumpigia yeye.

"Nuru!"

Nuru ni binti yake wa pili. Alikuwa na mimba ya miezi minane, na mume wake yuko Likasi kikazi, kwa hiyo alirudi kukaa kwa mama yake ili ale vizuri. Nafisa alikimbia barabarani na kusimamisha wewa wa kwanza, dereva wa pikipiki ya kukodi aliyekuwa na abiria tayari, akamshusha yule abiria kwa mkono wake.

Yaliyotokea nyumbani alinisimulia Nuru mwenyewe. Alikuwa amekaa uani, miguu imevimba, anachekecha unga wa jioni. Mama yake aliingia na kiatu kimoja, akamnyang'anya chekecheo.

"Mama, kuko nini?"

"Umekula?"

"Asubuhi nilikula uji..."

"Uji ya nini?"

"Ya unga, Mama. Uji ingine ni ya nini?"

Nafisa alichukua gunia na kulimwaga, kisha kuku wakaja mbio, na ilibidi awafukuze kwa fimbo, akilia, kuku ambao kwa miaka mitatu hakuwaachia hata punje ya unga ule. Mwishowe alikusanya kila kitu, pamoja na mchanga, akakitupa chooni. Akaosha sufuria. Akaiosha mara ya pili. Kisha akaitupa nayo.

Zahanatini walisikiliza tumbo la Nuru. Moyo wa mtoto unadunda vizuri, muuguzi alisema. Nafisa aliuliza kuhusu mengine, kama vumbi la madini limemfikia mtoto. Muuguzi akasema mengine hayasikiki kwa chombo hiki.

Kankolongo alifanya kazi siku mbili kama walivyopatana, na siku ya pili alileta chakula chake. Ibrahim alikuja kumsihi. Nilikuwa bado pale; gari la Lubudi lilikuwa limepita bila mimi.

"Tata, weka mbao mupya. Nitalipa mi mwenyewe. Lundi Mama Huguette ataona kitu kinang'aa. Nani atamwambia?"

"Mi si mutu wa kuambia," Kankolongo alisema. "Mi ni mutu wa kusukula. Uliza mwenye kamio."

Hakwenda kumwuliza.

Jumatatu lori lilikuwa zuri kupita malori yote niliyowahi kuyaona Kolwezi. Milango ilionyesha mawingu. Huguette, mwanamke mrefu mwenye miwani, alilizunguka mara moja akitikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akapanda ngazi kuchungulia bodi.

"Mama Nafisa, mbao iko wapi?"

Nafisa alimpa kile kipande, kimefungwa kwa gazeti. Alimweleza kila kitu, kwa maneno machache, bila kumtaja ndugu yake. Alisema tu, "kamio yangu."

Huguette aligeuza kipande mkononi kwa muda mrefu.

"Ungefunga mudomo, Mama, mi ningetia saini."

"Najua."

"Na batoto bangekula."

"Njo vile."

Huguette alishuka. Alimwita Kankolongo, akamwuliza kama anaweza kung'oa mbao za lori jingine, lile jipya, leo hii hii. Nafisa akaelewa kwamba kazi imemponyoka. Alinyoosha mkono kwa Ibrahim, aliyekuwa amesimama kando ya gurudumu, na Ibrahim akampa funguo.

Lori sasa linauzwa. Nilipoondoka Nuru alikuwa hajajifungua. Alisema mama yake hununua unga sokoni kwa kopo, akiuangalia juani kabla ya kulipa, na kwamba Ijumaa Ibrahim aliitwa kula. Alikuja bila mkate. Nafisa aliweka bukari mezani, nyeupe kabisa, inafuka moshi. Ibrahim alimega, akachovya, akala, akamega tena, mpaka sahani ikaisha.

"Tumbo namna gani?" dada yake alimwuliza.

"Iko muzuri, Yaya."

Nafisa alisukuma sahani yake mwenyewe, ambayo hakuwa ameigusa, akatoka nje akakaa na kuku.