Nyigu wa Mlango wa Jiko

Mpangaji wetu wa chumba cha uani hupiga picha za wadudu, na kamera yake ina pembe. Ni flashi mbili alizozifunga kwa vyuma vya kupinda, moja kila upande wa lenzi, zote zimevishwa vipande vya dumu jeupe ili mwanga usichome. Kwanza hujaribia kwenye kifungo cheusi cha shati lake: anakipiga, anachungulia, anairudisha flashi ya kushoto nyuma kidogo, anakipiga tena. "Zikilingana, mdudu anakuwa bapa kama stempu," huniambia kwa kunong'ona, hata pasipo na mdudu wa kushtuka.

Jana nyigu alikuwa akijenga kijumba cha udongo juu ya mlango wa jiko. Mama mkwe wangu, ambaye hacheki na kitu kinachouma, akaja na ufagio. "Mama, nakuomba, picha moja tu," mpangaji akasema, tayari yuko juu ya kigoda, pembe zimeelekea kwenye tundu. Mama akasimama, ufagio begani kama bunduki. Nyigu akarudi amekumbatia kiwavi mrefu kuliko yeye mwenyewe, akawa anahangaika kumwingiza. Nikangoja mwanga. Haukuja. Mpangaji alikuwa ameondoa kidole kwenye kitufe.

"Si upige!" nikamwambia.

"Ana mzigo, kaka. Nikimshtua atauangusha."

Tukangoja sote, shingo juu. Ufagio ukashuka taratibu mpaka sakafuni. Kisha nikamsikia mama mkwe akinong'ona: "Ameshauingiza?"