Mkanda wa Presha wa Baba

Siku ninayoikumbuka kila nikitaka kulala, mwanangu, ni ile Jumapili babu yako alipobeba mkungu wa ndizi hadi mbele ya kanisa kumshukuru Mungu kwa uongo wangu. Keti, usiniharakishe.

Nilikuwa na miaka thelathini na tatu, umri ambao usharikani kwetu mtu bado anaimba kwaya ya vijana. Wewe ulikuwa unanyonya. Baba alikuwa na kahawa na migomba yake huku juu mlimani, na presha yake ilikuwa na adabu mchana. Kila akienda kliniki asubuhi inasoma vizuri, anarudi akiwaonyesha majirani kadi utadhani ni cheti. Lakini aliamka na kichwa kinachouma, na usiku alikoroma nyumba nzima ikakesha. Daktari mmoja kule mjini hakuridhika. Akamfunga mkanda mkononi, wenye kimashine cha kuning'iniza kiunoni, avae mchana na usiku kucha. Kila baada ya muda mkanda unajikaza wenyewe, unapima, unalegea.

"Nataka kujua presha inafanya nini mzee akilala," daktari aliniambia. "Asivue mpaka kesho."

Usiku baba alihangaika. Akianza kusinzia tu, mkanda unamkaba. Mwishowe akaniita. "Binti yangu, hiki kitu kitanimaliza kabla ya presha. Nivulie kidogo." Nikamhurumia, nikamvulia. Kisha hofu ikanishika, maana sisi wa mlimani tunaogopa kugombezwa na daktari kuliko tunavyoogopa ugonjwa. Basi nikauvaa mimi. Nikalala nao hadi alfajiri, nikamrudishia kabla ya chai. Nilijiona mwerevu, nakwambia.

Daktari alisoma majibu akafurahi. Usiku presha inashuka vizuri, alisema, tuendelee na dawa zilezile. Baba alinishika mkono tukatoka.

Siku zilizofuata chakula kilinishinda. Nilikuwa nasimama nje ya dirisha lake nikisikiliza: anakoroma, ananyamaza, nahesabu, anavuta pumzi tena. Niliogopa kiharusi. Niliogopa moyo wake utasimama na mimi peke yangu ndiye ninayejua kwa nini. Na bado niliogopa zaidi kusema, ndivyo aibu ilivyo.

Jumapili ikafika. Baba akasimama mbele ya usharika na mkungu wake, akasema Mungu amempa usiku wa amani. Watu wakaitikia amina. Baada ya ibada mkungu ukanadiwa pale nje, watu wakipandishiana bei na kutaniana, na baba akicheka kuliko wote. Nilishindwa kumtazama.

Njiani kurudi nikamweleza yote. Alisimama kando ya mfereji.

"Kwa hiyo nimemshukuru Mungu kwa presha yako."

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

"Mimi ndiye niliyekuomba univulie, hilo nalibeba. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Uliuhurumia usingizi wangu, mimi mwenyewe ukanisahau."

Kesho yake tulirudi mjini. Daktari hakunigombeza hata kidogo, na hilo liliniuma zaidi. Baba akavaa mkanda upya, safari hii nikakaa kitini karibu naye hadi kukapambazuka, nikimshika mkono kila mkanda ulipojikaza. Majibu yakaja: presha yake haikushuka alipolala. Ilipanda. Daktari akatueleza kwamba mwili unapolala presha nayo hutakiwa kupumzika, na isipopumzika, moyo na ubongo vinaumia wakati hakuna anayetazama. Akabadilisha dawa, akaagiza mkoromo ule nao uchunguzwe. Babu yako aliishi hadi akakufundisha kupogoa kahawa. Nusura nikunyime hilo.

Leo mkanda kama ule uko mkononi mwangu, na sijui kesho utasema nini. Naogopa, sitakuficha. Jioni hii uliponiona nimekunja uso ukaniuliza, "Mama, nikuvulie kidogo upumzike?" Nikasikia sauti yangu mwenyewe ya miaka ile. Umerithi huruma yangu, mwanangu. Usirithi na ujinga wangu.

Kwa hiyo shika haya. Kipimo cha asubuhi kikiwa kizuri, usidhani umeshaujua usiku. Mgonjwa wako akiamka na kichwa kinauma, au akikoroma na kukatika pumzi, mpeleke aonwe, na umwambie daktari ukweli wote, hata ule unaokuaibisha. Dawa asiache wala asibadilishe kwa akili yake. Na usiku huu ukinisikia naguna, usije kunivulia. Vuta kiti, unishike mkono.

Mungu aulinde moyo wako ukiwa macho na ukiwa umelala, na akupe watoto watakaokuhurumia bila kukudanganya. Sasa sogea, naona mkanda unaanza kujikaza.