Maji ya Vinata

Mwanahija binti Fakihi wa Kiswere alizaliwa na ubishi, na ubishi huo ndio uliomfanya afuge majani yanayokula wadudu. Watu walimcheka mpaka wakachoka. "Wenzio wanapanda mchicha, shoga, wewe unapanda mitego!" Yeye anarudi kwenye mabeseni yake nyuma ya jiko. Mimea yenyewe midogo, mingi haizidi kiganja. Kila jani lina vinywele vyekundu, na kila kinywele kina tone la utomvu linalometa kama umande. Usubi akitua hapo, kwisha habari yake. Jani linamkunja taratibu, na baada ya siku chache limebaki bawa tu. Wasomi wana majina yao marefu. Mwanahija aliiita vinata, kwa sababu inanata, basi.

Alikuwa na aina sita. Vijiko vilikuwa vimelala chini juu ya mchanga, duara kama sahani, kila jani na umbo la kijiko cha chai. Mikanda alitumiwa na Valeria, mfugaji mwenzake wa Lindi mjini waliyejuana kwenye simu. Majani yake marefu na membamba, mmoja wa maua ya zambarau na mwingine wa maua meupe, na Valeria akisikia umeufananisha huu na ule atakukatia simu. Lakini aliyependwa kuliko wote ni Mwali, aina ya hapahapa pwani, mrefu, mwembamba kama uzi. Mwanahija aliitoa mbegu yake kwenye bonde la mchanga chepechepe kule Pande kabla bonde halijafukiwa. Mwali anaishi msimu mmoja tu. Usipookota mbegu zake, umempoteza, na wa pili humpati.

Sasa, kinata hakitaki mengi, ila kwa maji kina kiburi balaa. Hakitaki mbolea. Hakitaki udongo mzito. Mwanahija alikipandia kwenye mchanga na makumbi ya nazi, na makumbi hayo aliyasuuza mara saba, maana ya pwani hulowekwa baharini. Kinywaji chake ni maji ya mvua peke yake. Ukikitia chumvi, hata chembe, kinafia mkononi.

Mvua ikiisha, alikuwa na kisima. Na hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Kisima kilikuwa uani mwao, kimechimbwa na marehemu baba mkwe wake, mzee Maftaha, kikawekwa sadaka kwa kijiji. Maji yake yalisifika kwa utamu mpaka Pande. Kila ndoo ikipanda, mtekaji husema, "Mungu amrehemu mzee Maftaha," na mjane wake, Bi Salima, huitikia kutoka barazani, "Amin." Asubuhi mpaka jioni, amin, amin. Bibi wa watu macho yameshaingia ukungu, lakini hiyo amin hajawahi kuikosa hata moja. Ndiyo iliyokuwa ikimweka hai, na kila mtu pale nyumbani alilijua hilo.

Mwaka huo mume wa Mwanahija, Mudathiri, alikuwa kazini Mtwara, na binti yao Siti alirudi nyumbani kujifungua mimba ya kwanza kwa mama yake, kama ilivyo desturi. Alifika mimba ikiwa ya miezi saba, anacheka, tumbo mbele. Mwezi wa nane miguu ikaanza kuvimba. Nesi wa zahanati akampima, akakunja uso, akapima tena. "Presha imepanda. Punguzeni chumvi nyumbani, na kila wiki nimwone."

Mwanahija hakupunguza, aliiondoa kabisa. Samaki bila chumvi, mchuzi bila chumvi, Siti anakula huku ananuna. Wiki iliyofuata presha ikawa juu zaidi. "Mnamlisha nini huyu?" nesi akauliza kwa ukali. Mwanahija alirudi nyumbani na aibu ya mtu aliyesingiziwa wizi.

Wiki hiyohiyo vinata vikaanza kufa.

Kwanza Vijiko. Umande ukakauka, ncha zikawa nyeusi. Kisha Mikanda, ule mweupe. Mwanahija akadhani ni kijicho, maana majirani nao wana macho. Lakini yeye mbishi, hakuridhika. Alikuwa ameanza kubana maji ya mvua, yamebaki madumu manne, na mimea mingi alikuwa akiinywesha ya kisimani, kama alivyofanya miaka yote bila tatizo. Akachukua Vijiko viwili vilivyo hai, kimoja akakipa ya dumu, kingine ya kisima. Siku ya tisa kile cha kisima kilikuwa kimekunjamana, cheusi.

Akayaonja maji. Mbona matamu tu? Akateka sufuria nzima, akaichemsha mpaka ikakauka. Chini pakabaki utando mweupe. Akaugusa kwa kidole, akaulamba. Chumvi.

Alikumbuka mabwawa ya chumvi yaliyochimbwa nyuma ya mikoko miaka miwili nyuma. Chumvi ilikuwa imeingia kisimani kidogo kidogo, nao wakaizoea kidogo kidogo, ulimi usijue. Watu walisikia utamu wa zamani kwa sababu waliutaka. Na Siti alikuwa akinywa maji hayo kutwa, joto lile na tumbo lile.

Akaenda barazani. "Mama, hivi maji ya kisima, hukuyasikia yamebadilika?"

Bi Salima akageuza yale macho ya ukungu. "Yamebadilika vipi?"

"Kama yana chumvi, mama."

"Sadaka ya mume wangu ina chumvi? Ndiyo kusema haipokelewi tena? Mwanahija, mwanangu, nimekukosea nini?" Akalia, machozi ya kweli, na Mwanahija akaona aibu mpaka akapiga magoti. Alisema ni ulimi wake tu, labda ana homa. Ndoo ikapanda kisimani, na bibi akaitikia amin huku analia.

Basi akanyamaza. Siti naye hakuambiwa, kwa kuwa Siti kalelewa mapajani mwa bibi yake na hana siri naye. Akaamua kimyakimya: madumu yote manne ni ya Siti, vinata na vife. Iliuma, msidanganyike. Mwali alikuwa na maua, mbegu bado changa. Akayasogeza madumu chumbani kwa binti.

"Unywe haya tu, mama. Maji ya mvua yana baraka kwa mjamzito."

"Na vinata vyako je?"

"Vinata majani tu," akasema Mwanahija, na akatoka haraka asionekane uso.

Kwa siku kumi na mbili hakukanyaga nyuma ya jiko. Hakutaka kuviona vikifa. Aliangalia madumu tu. Yalipungua vizuri, naye akashukuru. Lakini miguu ya Siti haikupungua. Uso nao ukaanza kujaa, na asubuhi ile akaamka akilalamika kichwa. Mwanahija akaenda nyuma ya jiko kuchukua kuni ili amchemshie uji waende zahanati.

Akasimama kama aliyepigwa.

Vinata vilikuwa vinameta. Vijiko vimetoa majani mapya, mekundu, yenye matone. Mikanda imesimama. Mwali amejaa umande kuanzia chini mpaka juu, vifuko vya mbegu vimenona, na mabeseni yote yamejaa maji masafi. Hajawahi kuona vinata vizuri vile maishani mwake.

"Siti! Nani ananywesha hivi?"

Siti alikuja akishika ukuta, anatabasamu na uso wake uliovimba. "Usinigombeze, mama. Wewe uliviacha kwa ajili yangu, roho ikaniuma. Nilikuwa navipa yale ya dumu. Mimi maji ya babu yananitosha."

"Yote?"

"Yote, mama. Si ulisema ni baraka tu?" Akapepesa macho. Akayafikicha. "Mama, mbona kunaingia giza?"

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali. Mwanahija alimdaka kabla hajafika chini, akapiga ukelele wa kuita gari, watu wakakimbia huku na huku. Bi Salima akaja akipapasa ukuta, kata mkononi, maji yanamwagika. "Mjukuu wangu! Mpeni maji! Mnyweshe maji ya babu yake!"

Mwanahija aliipokea ile kata na kuimwaga yote mchangani.

"Yana chumvi, mama," akasema. "Yana chumvi, nami nilijua."

Pale kisimani mwanamke mmoja asiyejua lililotokea alikuwa akivuta ndoo yake. "Mungu amrehemu mzee Maftaha," akasema, kama kawaida. Akangoja kidogo. Hakuna aliyemwitikia.